Mwalimu, mabano haya yananichanganya

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 17, naishi Fort Worth, Texas. Nilihamia huku na wazazi tukitokea Kigoma nilipokuwa darasa la saba, kwa hiyo hesabu bado naziwaza kwa Kiswahili hata mwalimu akifundisha kwa Kiingereza. Mwezi ujao nafanya SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani. Kwenye mazoezi nimekwama hapa: f(x) = 2x − 5 na g(x) = x² + 1, tafuta f(g(3)). Majibu ya kuchagua ni 2, 10, 11 na 15. Kwanza nilipata 10, nikarudia nikapata 2. Jawabu sahihi wanasema 15. Lingine ni hili: f(x − 2) = 3x + 1, tafuta f(4). Nimepata 13, kumbe ni 19. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuniletea na majibu uliyokosa. Wengi huniandikia swali tupu, nabaki kubahatisha nini kimewasumbua. Wewe umeniletea 10 na 2, na hizo namba mbili zimeniambia yote.

Tuanze na 10. Ulitafuta f(3) ukapata 1, ukatafuta g(3) ukapata 10, kisha ukazidisha. Mabano ndiyo yaliyokuponza. Tangu shule ya msingi umezoea kwamba 4(3) ni 4 mara 3, basi jicho likiona f(3) linasoma "f mara 3". Hapa hakuna kuzidisha. Herufi f ni jina la kazi inayofanywa, na kilicho ndani ya mabano ndicho kinachopelekwa kufanyiwa hiyo kazi. Uandishi huu ni wa mwanahisabati Leonhard Euler, aliyeutumia tangu mwaka 1734, naye hakuwa na mtihani wa dakika 35 mbele yake.

Ile 2 ni kosa la heshima zaidi. Ulianza na f kwa sababu ndiyo ya kwanza kusomwa: f(3) ni 1, ukaipeleka 1 kwenye g, ukapata 2. Hesabu yako haina doa, ila umejibu g(f(3)), ambalo hukuulizwa. Na 11 je? Hiyo ni ya yule atakayejumlisha 1 na 10. Umeona mchezo? Majibu matatu ya uongo ni makosa matatu ambayo mtunzi aliyajua kabla hujayafanya. Kwa hiyo usifurahi kwa kuona jawabu lako limo kwenye orodha.

Nilipokuwa nafundisha Kidato cha Tano Morogoro, jambo hili nililieleza kwa mashine ya nafaka. Ukitaka sembe, mahindi yanakobolewa kwanza, pumba zinatoka, ndipo yanasagwa. Ubaoni niliandika hivi: saga(koboa(mahindi)). Neno la kwanza kuandikwa ni "saga", lakini kazi ya kwanza kufanyika ni kukoboa, kwa sababu "koboa" ndiyo iliyoyashika mahindi. Geuza uone: koboa(saga(mahindi)). Nenda na ndoo ya unga kwenye kinu cha kukoboa, umwombe kijana wa mashine akukobolee. Atakufukuza, tena atakuwa na haki.

Basi katika f(g(3)), nani ameishika 3? Ni g. Anza naye: 3² + 1 = 10. Iandike hiyo 10 kwenye karatasi, usiibebe kichwani. Sasa 10 inakwenda kwa f: 2 mara 10, toa 5, unapata 15. Ukikutana na kile kiduara kidogo, f∘g, si sifuri wala si herufi o; ni f(g(x)) kwa mkato. Wanafunzi wangu walikuwa wakikisoma "fogi", nami nikawaacha, mradi wajue kwamba katika fogi g ndiyo inayotangulia kufanya kazi.

Swali lako la pili nalipenda zaidi, maana linawakamata hata wale wanaojiona wameiva. Umeambiwa f(x − 2) = 3x + 1. Ukaona f(4), ukaweka 4 mahali pa x: 3 mara 4, ongeza 1, ni 13. Lakini tazama upande wa kushoto kilichotokea ulipofanya hivyo. Ndani ya mabano pamekuwa 4 − 2, yaani 2. Kwa hiyo ulichopata ni f(2). Unachotaka ni mabano yote yawe 4, siyo x iwe 4. Jiulize: x iwe ngapi ili x − 2 iwe 4? Ni 6. Peleka 6 kulia: 18 + 1 = 19.

Ukitaka kuijua f yenyewe, ipe ile x − 2 jina jingine, tuseme u. Basi x ni u + 2, na f(u) = 3(u + 2) + 1, yaani 3u + 7. Weka 4: 12 + 7 = 19. Kwenye mtihani njia ya kwanza inatosha. Moduli moja ya Hisabati, yaani sehemu moja kati ya mbili, ina maswali 22 kwa dakika 35, hivyo kila swali lina sekunde 95 hivi, na u inakula sekunde zako.

Hukuniuliza, lakini utakutana na hili: ndani ya mabano hakuna namba bali usemi mzima. Mfano f(x) = x² + 2x na g(x) = x − 3, wanataka f(g(x)). Kila palipo na x ndani ya f, futa, weka (x − 3) pamoja na mabano yake: (x − 3)² + 2(x − 3). Ukifungua unapata x² − 6x + 9 + 2x − 6, yaani x² − 4x + 3. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, niliandika ubaoni x² − 9 mahali pa (x − 3)², nikasahihishwa na binti aliyekaa dirishani. Tangu siku ile sifuti ubao kabla sijapima kwa namba. Weka x = 5: g inatoa 2, f ya 2 ni 4 + 4 = 8. Jawabu letu linatoa 25 − 20 + 3 = 8. Limekubali.

Wakikupa jedwali badala ya kanuni, mambo ni yale yale: jawabu la ndani ndilo unalokwenda kulitafuta kwenye safu ya x.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu anajiandaa na SAT hapa Dar es Salaam. Kikokotoo kimo ndani ya kompyuta ya mtihani, naye anasema hana haja ya kujua hizi f na g. Ni kweli? Mama wa Mbezi.

JIBU: Nzuri, dada yangu. Nusu ni kweli. SAT ya sasa hufanywa kwenye programu ya Bluebook, nayo ina kikokotoo cha Desmos kinachoruhusiwa katika maswali yote 44 ya Hisabati. Akiandika kanuni ya f mstari mmoja, ya g mstari wa pili, na f(g(3)) mstari wa tatu, atapewa 15 bila jasho. Lakini aiandikie ile f(x − 2) = 3x + 1 ya kijana wa Fort Worth, aone. Desmos itamgomea, kwa sababu haijaambiwa f ni nini. Pale atahitaji kichwa chake.

Bluebook ina mitihani ya mazoezi ya bure. Afanye mmoja, maswali ya f na g ayajibu kwa mkono, kisha ayarudie kwa Desmos. Yale ambayo majibu mawili hayatalingana, anitumie, na aandike yote mawili.