Adui wa Maabara Anachekesha, Hatishi

Ndugu Mhariri, kikundi chetu kinarekodi mchezo wa kuigiza wa sauti, vipindi 6. Adui ni profesa aliyezalisha magugu maji mapya ili aliteke Ziwa Victoria. Tuliowasikilizisha kipindi cha kwanza wamecheka. Tumekosea wapi?
*Msomaji, Nyakato*

Ondoeni kile kicheko cha profesa kwanza. "Ha-ha-haa" kila mwisho wa sentensi haiokolewi na chochote, maana msikilizaji haoni macho wala koti jeupe. Anayetisha sikioni ni yule anayetaja maangamizi kwa sauti ya karani anayesoma mita ya maji.

Halafu mpeni hesabu. Magugu maji yakipata joto na virutubisho huweza kuongezeka maradufu kwa wiki 2 hivi. Ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800. Akianza na kilomita 1 ya mraba, ikawa 2, 4, 8, basi mara ya 16 inafika 65,536, siku ya 224. Sasa tazameni siku ya 210: zaidi kidogo ya nusu ya ziwa bado ni maji meupe, wavuvi wanavua dagaa, steringi anasema muda upo. Hapo profesa aseme taratibu, "Zimebaki siku kumi na nne," na mkate onyesho palepale.

Msikilizaji wa Mwanza atabisha, na ana haki. Magugu hujazana kwenye ghuba zilizotulia, ambako uchafu na mbolea huingia. Ziwani katikati mawimbi huyachanachana. Basi uvumbuzi wa profesa uwe huo: mizizi inayozidi kushikamana kila wimbi likiipiga. Uongo mmoja unatosha. Mengine yote yabaki ya kweli, wakiwemo mbawakawa wadogo wa Neochetina waliofunguliwa ziwani miaka ya 1990 wayatafune majani. Steringi ataanzia kwao.

Na asiwe mwendawazimu tu. Mwacheni aulize: "Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950. Furu, samaki wadogo wa asili aliowala, wangapi wametoweka? Nani alishtakiwa?" Swali hilo halina jibu jepesi, ndiyo maana linauma.

Ndugu Mhariri, profesa wetu ana koo la mashine. Tumeibadilisha sauti kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, lakini maneno hayasikiki. Tufanyeje?
*Msomaji, Ilemela*

Bila shaka mmeibadilisha sauti yote. Nakilini mkondo wa sauti (track) mpate miwili. Wa kwanza msiuguse. Wa pili uzidisheni na wimbi la 30 Hz: fungueni Nyquist Prompt, kisanduku cha kuandikia amri ndani ya Audacity, andikeni `(mult *track* (hzosc 30))`, kisha ushusheni desibeli 8 chini ya ule wa kwanza. Mkipandisha hadi 300 Hz mtapata kengele, si mtu.

Kurekodi nako kuna lake. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, nayo ikae upande kidogo, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Kilele cha sauti kisipite desibeli -6. Zimeni feni; chumba chenye magodoro ukutani kinafaa kuliko sebule yenye vigae.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye maandishi. Kiswahili mara nyingi hubeba ukanushi kwenye silabi ya kwanza, na "s" ndiyo ya kwanza kufa ndani ya sauti ya mashine. "Sitawazamisha" na "nitawazamisha" zinabaki "...itawazamisha", kipindi kizima kinageuka. Andikeni "Kuwazamisha? Hapana," au tangulizeni "kamwe".

Mhariri, mawimbi tunayapataje bila kwenda ufukweni?
*Msomaji, Kirumba*

Ungo na vikombe 2 vya choroko. Uinamisheni polepole upande mmoja, hesabuni hadi nne, rudisheni. Mkiharakisha itasikika mvua. Ute unaochemka maabara ni uji mzito unaopulizwa kwa mrija. Mzizi unaokatika ni muwa, uvunjwe karibu kabisa na maikrofoni.

Ila msiweke honi ya kivuko cha Kigongo na Busisi ikiwa mchezo unatokea sasa. Daraja la kuvuka hapo lilifunguliwa Juni 2025, na wa Sengerema watawacheka. Tumieni cha Kamanga.