Maswali ya Wasomaji: Makocha wa Alabama na Hesabu Zisizolingana

Barua nyingi za safari hii zinahusu makocha wakuu wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa. Timu hiyo ilianza mwaka 1892, na karibu kila anayetuandikia amegongana na takwimu zisizokubaliana. Tumechagua maswali matano.

Nimeona mahali kwamba Mike Shula alishinda mechi 26, kwingine wameandika 10. Nishike ipi?

Inategemea unatafuta nini. Uwanjani, kati ya 2003 na 2006, Shula alishinda 26 na kufungwa 23. Mwaka 2009 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliamua kwamba wanamichezo wa Alabama walitumia vibaya utaratibu wa kupewa vitabu vya masomo bure. Kikafuta ushindi 21: 10 wa msimu wa 2005, 6 wa 2006 na 5 wa 2007. Kumi na sita za mwanzo ni za Shula, kwa hiyo rasmi amebaki na 10; tano zilizobaki ni za Nick Saban, ambaye msimu wa 2007 ndio ulikuwa wake wa kwanza.

Ushindi ukifutwa, unatoweka tu. Aliyefungwa siku ile haandikiwi ushindi, na vipigo vya Alabama vinabaki palepale. Ndiyo maana msimu wa 2005, uliokwisha kwa 10–2 (ushindi 10, vipigo 2), kwenye vitabu rasmi ni 0–2.

Adhabu ya Gene Stallings, kocha mwingine wa Alabama, ilikuwa ya aina nyingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mwaka 1993 Alabama ilimaliza na ushindi 9, vipigo 3 na sare 1. Baadaye ikabainika kwamba mchezaji mmoja hakuwa na haki ya kucheza kwa sababu alikuwa ameshasaini na wakala. Ushindi 8 pamoja na ile sare viligeuzwa kuwa vipigo, na msimu ukawa 1–12. Rekodi yake ya 70–16–1 ikashuka hadi 62–25.

Ukitaka kujua kocha alipewa adhabu ipi, jumlisha mechi zake. Za Stallings ni 87 kabla na 87 baada, kwa hiyo matokeo yaligeuzwa. Za Shula zilikuwa 49, zikabaki 33, kwa hiyo ushindi ulifutwa. Ukichukua ushindi wa hesabu rasmi ukauweka na vipigo vya hesabu ya uwanjani, kwa Shula hutaona kosa lolote maana vipigo ni vilevile 23. Kwa Stallings utapata 62–16, rekodi ambayo haijawahi kuwapo.

Sare mnaziweka wapi mnapotafuta asilimia ya ushindi?

Sare moja ni nusu ya ushindi. Chukua ushindi, ongeza nusu ya sare, gawanya kwa mechi zote. Paul "Bear" Bryant, kocha wa 1958 hadi 1982, ana 232–46–9 (ushindi, vipigo, sare). Nusu ya 9 ni 4.5, hivyo 236.5 gawanya kwa 287: asilimia 82.4. Ukizitupa sare nje ya hesabu utampandisha hadi 83.5 bila haki.

Jaribu sasa kwa Wallace Wade (1923–1930), mwenye 61–13–3, na mrithi wake Frank Thomas (1931–1946), mwenye 115–24–7. Wote wawili wanatoka na 81.2, tofauti yao utaiona ukifika tarakimu ya tano. Kwa Thomas kuna mtego mdogo: miaka yake inaonekana 16, lakini misimu ni 15, kwani 1943 hapakuwa na timu kwa sababu ya vita.

Muda wa nyongeza uliingia mwaka 1996 na sare zikaisha. Kuanzia Mike DuBose, aliyeanza 1997, makocha wote wa Alabama wana namba mbili tu, ushindi na vipigo. Saban ana 206–29 uwanjani, sawa na asilimia 87.7, au 201–29 rasmi, sawa na 87.4. Kwa hesabu yoyote ile anampita Bryant.

Chuo kinadai mataji 18 ya taifa. Ni ya kweli?

Yahesabu kwa makocha: Wade 3 (1925, 1926, 1930), Thomas 2 (1934, 1941), Bryant 6 (1961, 1964, 1965, 1973, 1978, 1979), Stallings 1 (1992), Saban 6 (2009, 2011, 2012, 2015, 2017, 2020). Idadi inatimia. Uzito wa kila taji ndio unaotofautiana, kwa sababu kwa miaka mingi hapakuwa na fainali. Bingwa alipatikana kwa kura za waandishi na za makocha, au kwa mifumo ya hesabu ya watu binafsi.

Mwaka 1964 kura zilipigwa kabla ya mechi za mwisho za msimu, ziitwazo bowl. Alabama ikatangazwa bingwa, kisha ikafungwa na Texas 21–17 katika Orange Bowl. Mwaka 1973 makocha wakaipa taji mapema tena, nayo ikafungwa na Notre Dame 24–23 katika Sugar Bowl. Baada ya hapo hata kura ya makocha ikahamishiwa baada ya mechi hizo. La 1941 ndilo dhaifu kuliko yote. Alabama ilifungwa mara mbili na waandishi wakaiweka nafasi ya 20. Sisi tusingelihesabu. Kinyume chake, la 1992 halina mgogoro: mechi 13, ushindi 13, na Miami kupigwa 34–13.

Bill Curry alishinda 26 na kufungwa 10 tu. Kwa nini aliondoka baada ya misimu mitatu?

Angalia vipigo hivyo ni vya nani. Alicheza na Auburn mara tatu, 1987 hadi 1989, akafungwa zote tatu. Auburn ni mtani wa jimbo hilohilo, na mechi hiyo huko Alabama ni kama Simba na Yanga. Mwaka 1989 aligawana na wengine ubingwa wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, bado haikutosha, akaenda Kentucky. J. B. Whitworth (1955–1957) naye alifungwa na Auburn mara zote tatu, ya mwisho 40–0. Ila yeye rekodi yake nzima ni 4–24–2, kwa hiyo Auburn haikuwa tatizo lake pekee.

Mike Price ni kocha wa Alabama au siye?

Aliajiriwa Desemba 2002, akafukuzwa Mei 2003 kwa mwenendo wake nje ya uwanja, kabla ya mechi hata moja. Kwenye jedwali la ushindi na vipigo hana mstari. Joe Kines, aliyeshika timu kwa muda Shula alipoondolewa, anao: mechi moja, Independence Bowl ya Desemba 2006, aliyofungwa na Oklahoma State 34–31. Kwa hiyo, kwa hesabu ya uwanjani, timu ya 2006 ina 6–7, Shula ana 6–6, na kipigo kimoja ni cha Kines.