Jibu: Kutoboa tangi la samaki ili kupitisha bomba

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza kama unaweza kutoboa kitako cha tangi lako la maji ya bahari ili upitishe bomba la kutolea maji. Tafadhali usikiguse kabla ya kukihakiki, kwa sababu matangi mengi ya dukani huwekwa chini kioo kilichokazwa kwa moto, nacho kikitobolewa hupasuka chote vipande vidogo vidogo. Washa skrini nyeupe ya kompyuta nyuma ya kioo, ukitazame kwa miwani ya jua ya polaroidi. Ukiona mabaka au michirizi, kiache, ukapime ubavu wa nyuma.

Tumia biti ya duara yenye chembe za almasi, na ukingo wa tundu uwe mbali na ukingo wa kioo kwa kadiri ya kipenyo cha tundu au zaidi. Zungushia mahali pa tundu plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto), jaza maji ndani ya duara hilo, anza kwa kuinamisha drili mpaka biti ijichimbie mfuo, kisha isimamishe wima uiache izunguke polepole, bila kuikandamiza. Maji yatageuka meupe kama tui kwa unga wa kioo, nawe uyabadilishe. Biti inapokaribia kutokeza, punguza mkono kabisa, maana hapo ndipo vioo vingi huvunjika. Mimi napendelea drili ya betri, kwani umeme wa ukutani na maji havipatani. Ukifunga kiungo cha bomba kinachopita kwenye tundu, pete yake ya mpira (washa) ikae ndani ya tangi, chini ya kichwa cha kiungo, na nati ikazwe kwa mkono tu.