Wasomaji wameukataa ukurasa mpya wa tovuti ya michezo: kabla hamjarudisha wa zamani, angalieni msimamo wa ligi mmeuficha wapi

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Mmebadilisha ukurasa wa mbele wa tovuti yenu ya michezo, sasa ni wiki ya pili maoni ni yale yale, "mmeharibu", "rudisheni ule wa zamani", "macho yanauma", bosi anasema watazoea tu, na wewe unauliza mrudishe au mvumilie. Najibu kwa kirefu kwa sababu kabla sijahamia huku Dodoma niliwahi kufanya kazi kwenye tovuti moja ya michezo ambayo sitaitaja, na mabadiliko ya namna hiyo yalinikuta nikiwa zamu. Sikuwa mbunifu wala mtu wa kuandika programu. Mimi nilikuwa nasoma ujumbe wa wasomaji na kuujibu, kwa hiyo matusi yote yalipita kwangu kwanza.

Jibu langu: msirudishe wote, wala msikae kimya mkingoja wazoee. Chukueni lalamiko moja moja mjiulize, huyu alikuwa anataka kufanya nini akashindwa? Likikosa jibu, liacheni, hilo kweli watalizoea. Likiwa na jibu, lirekebisheni wiki hii hii.

Nianze na rangi ili nimalizane nayo. Bongo rangi ni ushabiki wa timu. Sisi tuliweka kichwa chekundu, na kabla ya jioni tulishaambiwa tumenunuliwa na Msimbazi, yaani Simba. Kuna mkubwa akashauri basi tuweke kijani, rangi ya Yanga, hebu fikiria mwenyewe. Ikaja bluu iliyokolea, wakatokea wa kusema sasa hii ni tovuti ya Azam. Hata wenzetu wa BBC Sport, walipoweka manjano mwanzoni mwa 2012, miezi michache kabla ya Olimpiki ya London, walilalamikiwa sana. Wangekuwa Kariakoo wangeitwa Yanga. Manjano hiyo wanayo mpaka leo. Lalamiko la rangi lina kelele nyingi na umri mfupi. Jibu kwa adabu, songa mbele.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Ukurasa wa mbele wa michezo watu hawaji kuusoma, wanakuja kuchungulia. Mtu anaufungua akiwa kwenye daladala, anaufungua tena akisubiri chai, anaufungua mapumziko ya mechi, na kila mara ni sekunde chache: nani kashinda, tuko nafasi ya ngapi, tunacheza lini, nani kasajiliwa. Akikutana na kichwa cha habari kilichomshika, ndipo anaingia kusoma. Mbunifu yeye amekaa mbele ya kompyuta pana ofisini anachora jarida: picha moja kubwa, maneno manne juu yake, na weupe wa kutosha pembeni. Kwenye kompyuta yake inapendeza kweli. Kwenye kioo cha simu, vile vichwa vya habari kumi vilivyokuwa vinaonekana kwa pamoja vimebaki viwili, na msimamo wa ligi umesukumwa chini kabisa au umekatwa zikabaki timu tano za juu na kitufe cha "Ona zaidi". Ni sawa na mwenye duka kuhamishia chumvi na viberiti stoo ya nyuma ili mbele papendeze.

Hapo kwenye tano za juu nataka nikae kidogo, maana nadhani ndipo na ninyi mlipoteleza. Ligi Kuu ina timu 16. Shabiki wa Simba, Yanga au Azam, tano za juu zinamtosha mwaka mzima. Lakini mshabiki wa Dodoma Jiji, na mtaani kwangu Nkuhungu wamejaa, timu yake tangu ipande mwaka 2020 haijawa mkazi wa tano bora. Kwake ule msimamo mfupi maana yake ni kwamba timu yake haipo. Nakumbuka ujumbe mmoja mfupi: "Kwani sisi tunacheza ligi gani?" Na hakuwa peke yake, walikuwepo wa Mbeya, wa Tanga, wa kila mkoa wenye timu ya katikati. Hawa si wengi kama wale wa Kariakoo, lakini ndio wanaoangalia msimamo kwa makini kuliko wote, kwa sababu wao wanahesabu pointi za kutoshuka daraja. Mistari 16 kwenye simu haijazi hata kioo kizima ukiipanga vizuri: nafasi, jina, mechi, tofauti ya magoli, pointi. Safu nyingine zote wekeni ndani.

Bosi wenu atakuonyesha takwimu. Sisi tulionyeshwa. Baada ya mabadiliko idadi ya kurasa zilizofunguliwa ilipanda, wakubwa wakapongezana kikaoni. Ilipanda kwa sababu kitu kilichokuwa kinaonekana bila kugusa chochote sasa kilihitaji kufungua kurasa mbili tatu. Msomaji anayetafuta na msomaji anayefurahia, kwenye ripoti ile wanafanana. Ukitaka kujua ukweli, ingia kwenye kumbukumbu za kisanduku chenu cha kutafutia. Kwetu neno "msimamo" lilipanda likawa la kwanza, likifuatiwa na "ratiba". Mtu akiandika "msimamo" kwenye kisanduku huku yuko ukurasa wa mbele wa tovuti ya michezo, huna haja ya kufanya utafiti mwingine. Cha pili, angalia wanaokuja moja kwa moja kwa kuandika anwani yenu, ukiwalinganisha na wanaopitia Google. Wa kwanza wakipungua na wa pili wakiongezeka, usishangilie. Aliyeanza kutafuta msimamo Google mara nyingi anaukuta Google hapo hapo juu, na kesho hana sababu ya kufika kwenu.

Tangu nihamie huku nafanya kazi za kujitegemea, na nikipewa ukurasa kuupima siuanzii ofisini. Naenda kijiwe cha kahawa pale Sabasaba. Nilimpata mzee mmoja, simu yake itel, kioo kimepasuka pembeni. Nikamwamkia, nikamwomba anisaidie kitu kidogo: "Mzee, fungua hii, niambie Jiji wako nafasi ya ngapi." Kisha nikanyamaza, na kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Ukurasa ukafunguka, akaona "Msimamo", kidole gumba kikaenda. Kabla hakijatua, tangazo la kubeti likamaliza kupakia pale juu, ukurasa mzima ukashuka, kidole kikaangukia tangazo. Akajikuta kwenye dau na bonasi. Akarudi nyuma, ukurasa ukaanza kupakia upya. Akajaribu tena, mara hii akashuka, akashuka, akapita picha za mazoezi, akapita video ikaanza kucheza yenyewe kwa sauti. Akazima kioo, akamgeukia kijana wa kahawa: "Jiji wa ngapi?" Kijana akamjibu huku anamimina, wala hakuangalia simu.

Ile ya ukurasa kuruka ndiyo watu wanayomaanisha wakisema "inasumbua" au "inajiendesha yenyewe", na bahati nzuri inatibika kirahisi. Picha na matangazo yanapakiwa kwa kuchelewa, na kama hamkuyatengea nafasi yake tangu mwanzo, yakifika yanasukuma kila kitu. Mwambie mtu wenu wa programu aandike upana na urefu wa kila picha, na kila tangazo litengewe kisanduku cha kimo kinachojulikana hata kama bado ni tupu. Google wana kipimo chao cha huku kuhama, wanataka kisizidi 0.1, na wanataka kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Weka anwani yenu kwenye PageSpeed Insights, tovuti ya Google ya kupima kurasa, ni bure, uangalie upande wa simu. Upande wa kompyuta utakudanganya.

Bando nalo. Video inayojianzisha iondoeni, sina maelezo zaidi ya hapo. Mtu kanunua MB za siku moja, wewe unamchezea mahojiano ya kocha ambayo hakuyaomba, halafu unashangaa anatukana. Na msisahau watu wa Opera Mini. Kivinjari kile, kikiwa kwenye hali yake ya kubana data sana, ukurasa unapitia kwanza kwenye seva za Opera, unaminywa, ndipo unaletwa kwenye simu, na vitu vingi vinavyotegemea JavaScript, ile lugha inayofanya menyu na vitufe viitikie, havifanyi kazi vizuri. Menyu yetu mpya ya vistari vitatu ilikuwa ya namna hiyo. Kwenye simu za ofisini ilifunguka kwa madoido. Kwa watu wa Opera Mini ilikuwa vistari vitatu tu, unavigusa, kimya. Wao wakaandika "tovuti imekufa", sisi tukawajibu "jaribu kuzima na kuwasha simu". Viungo vinne vya kawaida, matokeo, ratiba, msimamo, usajili, vikiandikwa wazi juu ya ukurasa bila menyu yoyote, vinafunguka kwenye kila simu.

Kingine ambacho huenda kipo kwenu na hakuna aliyekiona: saa. Kama ratiba mmeinunua kwa watu wa nje, angalia kama inafuata saa zetu. Yetu ilikuja na saa za kimataifa, UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo mechi ya saa 10 jioni ikaandikwa 13:00. Msomaji akaelewa saa 7 mchana, kama ambavyo yeyote angeelewa. Fikiria mtu anayetoka Chamwino au Bahi kuja kuangalia mechi uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, kapanga safari kwa ratiba yako. Ukisharekebisha hilo, andikeni "saa 10 jioni" kama watu wanavyosema.

Kuhusu "watazoea tu". Bosi wako hakosei kabisa, kuna historia upande wake. Septemba 2006 Facebook walipoleta ile mfululizo wa habari za marafiki, watumiaji walikuja juu, Mark Zuckerberg akaomba radhi, wakaongeza vidhibiti vya faragha, lakini mfululizo ukabaki, na leo hakuna anayekumbuka ugomvi ule. Upande wa pili kuna Digg, tovuti ambayo watumiaji wenyewe walikuwa wanazipigia kura habari za kupanda juu. Agosti 2010 walitoa toleo jipya, wakaondoa kitufe cha kuizika habari mbovu, wakawaruhusu wenye vyombo vya habari kusukuma habari zao wenyewe. Watumiaji wakahamia kwa mshindani wao Reddit, na mwaka 2012 Digg ikauzwa vipande vipande. Katikati wapo Snapchat, mwaka 2018, ombi la kurudisha mwonekano wa zamani likapita saini milioni 1.2, nao wakalegeza baadhi ya mambo. Mimi nikiyaangalia haya, Facebook waliongeza kitu na yale ya zamani bado ulikuwa unaweza kuyafanya. Digg waliwanyang'anya watu kazi waliyozoea kuifanya. Kwa hiyo usimbishie bosi kuhusu kuzoea. Mpe simu ya bei ya chini, si yake, mwambie atafute timu ya nafasi ya 12 kutoka ukurasa wa mbele, mkae naye mkimwangalia.

Suala la kuacha kiungo cha "toleo la zamani" sisi tulilijadili sana, na maoni yangu ni kwamba msifanye, au mfanye kwa muda mfupi wenye tarehe iliyotangazwa. Mtabaki na kurasa mbili za kutunza, matangazo mawili ya kupanga, na wale wasomaji wenu wazoefu zaidi, ambao ndio mnawahitaji wawaambie kinachouma, watakuwa wamejificha kwenye ule wa zamani.

Safari nyingine msiwashe ukurasa mpya wiki ya dabi. Sisi tuliwasha siku moja kabla ya mechi ya watani, eti ndipo watu wengi watauona. Waliuona kweli. Subirini wiki ya FIFA, ile ya mechi za timu za taifa, ligi ikisimama, na hata hapo muwape kwanza wasomaji kama 10 katika kila 100, msome kile kisanduku cha kutafutia siku kadhaa, ndipo mfungulie wote.

Kwa sasa, kesho asubuhi: msimamo wote wa timu 16 uwekwe juu, chini ya habari kubwa moja. Viungo vinne wazi. Video isijianzishe. Matangazo yatengewe nafasi. Halafu andikeni ujumbe mfupi pale pale kwenye ukurasa, "mlisema msimamo hauonekani, tumeurudisha juu", mkiitaja kazi yenyewe, msiandike "tunathamini maoni yenu". Picha kubwa, herufi mpya na weupe wenu bakini navyo, hivyo vyenyewe sina ugomvi navyo. Na kama mmetumia nyekundu au kijani kwenye kichwa, mkuu, hilo nakuachia wewe na bosi wako.