Jibu: Mbunge wa Marekani anapelekaje hela za Washington kaunti kwake?

Mkuu, uliuliza kama mbunge wa kule anaweza kuchota hela za serikali kuu akaipa kaunti yake. Kuchota, hapana, anaombea. Anataja mradi wenyewe, tuseme bomba la majitaka, analianika ombi kwenye tovuti yake na kuthibitisha kwamba yeye na familia yake hawana maslahi humo. Utaratibu huu ulisitishwa 2011, ukarudi 2021.

Gwiji wa kuombea hela hivi alikuwa Seneta Robert Byrd wa West Virginia. Kituo cha FBI cha alama za vidole kiko Clarksburg, kamji ka Kaunti ya Harrison, jimboni kwake! Siyo bahati: Byrd aliongoza Kamati ya Matumizi ya Seneti, ile inayopanga hela za serikali kuu ziende wapi, kuanzia 1989 hadi mwanzoni mwa 1995.