Yule kipepeo wa chupa ya achari

Mwanangu,

Barua yako imefika, na sisi huku Kisauni hatujambo, alhamdulillahi. Umenieleza kwamba mwanao ameokota viwavi watano kwenye mlimau wenu wa Nakuru, na kwamba hilo limekukumbusha yule kipepeo wetu aliyetoka na bawa limekunjamana. Unaniuliza: baba, ulisema aliruka usiku tumelala. Kweli aliruka?

Hakuruka, mama. Nilikudanganya.

Ulikuwa na miaka minane. Mamako na ule mndimu wake wa uani unamjua, kila ndimu ina hesabu yake, hizi za samaki, hizi za achari. Siku moja akaona majani yana uchafu mweusi na mweupe, akawalaani kunguru. Wewe ndiye uliyeona kwamba uchafu wenyewe unatembea. Baada ya siku kadhaa ule uchafu ukajivua ngozi ukawa kiwavi wa kijani, mnene kama kidole chako. Ukamgusa kwa kijiti, akachomoa pembe mbili za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa, na ile harufu ikakufukuza hadi jikoni umeziba pua.

Nikamtia kwenye chupa ya achari iliyokwisha, nikatoboa kifuniko. Kila asubuhi tulimbadilishia majani na kumwaga kinyesi, punje kama pilipili manga. Siku alipoacha kula, akatoa kinyesi cha majimaji na kuanza kuzurura huku na huku, nilidhani anakufa. Kumbe alikuwa anatafuta pa kujitundika. Akajishika kwenye kijiti, akajifunga uzi mmoja mgongoni kama mtu aliyeegemea mkanda, kesho yake akawa pupa, kimya ndani ya ganda. Wiki mbili hivi hakutikisika. Jina lenyewe kichekesho: anaitwa pupa, na sijaona kiumbe asiye na pupa kama huyo.

Usiku wa mwisho ganda liliingia weusi, na manjano ya mabawa yakaonekana kwa ndani. Asubuhi likapasuka nyuma ya kichwa, akatoka. Unakumbuka ulivyouliza mbona mabawa ni madogo? Yalikuwa kama vitambaa vilivyokamuliwa, na tumbo limejaa. Maji ya mwilini husukumwa mabawani ili mabawa yakunjuke, na ili yakunjuke sawasawa lazima aning'inie, mabawa yakielekea chini bila kugusa kitu. Wetu alipanda kioo akateleza. Akapanda tena, akateleza. Kijiti nilichomwekea kilikuwa kifupi na kiko karibu mno na ukuta wa chupa. Mimi nikakaa namtazama, nikisema tumwache, asisaidiwe. Nilipozinduka nikamwekea tawi, bawa la kushoto lilikuwa limeanza kukauka likiwa limejikunja. Na bawa likishakauka hivyo, hakuna pasi ya kulinyoosha.

Najua kuna ile hadithi wanayopenda kuisimulia, ya mtu aliyekata kifuko kwa mkasi amsaidie kipepeo, kumbe akamlemaza. Nimeisikia hadi kwenye harusi. Yetu haikuwa hiyo. Hakuna aliyemgusa. Kosa lilikuwa chupa, na chupa nilichagua mimi.

Ulipokwenda kulala nilimhamishia kile chumba cha stoo. Niliweka pamba yenye maji ya sukari, nikamsimamisha juu yake, kwa sababu wao huonja kwa miguu. Akauteremsha ulimi wake uliojiviringa kama waya wa saa, akanywa. Aliishi siku tano. Nikamweka chini ya mndimu wewe ukiwa shuleni.

Miaka baadaye nilipita Gede, kwenye mradi wa Kipepeo, ule ulioanza 1993, ambao wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa zisafirishwe Ulaya na Marekani. Nilipoona pupa zao zimetundikwa kwa nafasi, niliona haya peke yangu.

Basi mwanao asitumie chupa. Chukua boksi kubwa, kata upande mmoja, uvalishe kipande cha chandarua, na vijiti virefu viegemee ndani. Majani yawe ya mti usiopuliziwa dawa. Kwa baridi yenu ya Nakuru pupa huenda zikakawia, msizitupe. Na moja ikitoa vinyigu vidogo badala ya kipepeo, msishangae: nyigu hao hutaga mayai ndani ya pupa ikiwa bado laini. Akitoka kipepeo atadondosha tone la maji machafu. Si damu, mtoto asilie. Mwacheni saa chache akauke, kisha mfungue dirisha.

Nitumie picha pupa zikishajitundika. Kwenye kijiti kikavu mara nyingi huwa za kahawia, penye majani huwa kijani, na nataka kujua za mjukuu wangu zitakuwaje. Mamako naye anauliza: hayo malimau yenu mnayatia achari, au mnayaacha yaoze?

Ni mimi babako.