Kabla ya Kuongeza Magnesiamu, Ondoa Haidrojeni

Kama unakuza fuwele za nitridi ya galiamu kwa ajili ya taa za LED za buluu, na tabaka lako la aina ya p (linalobeba mkondo kwa matundu, yaani nafasi zisizo na elektroni) linagoma kupitisha umeme, usikimbilie kuongeza magnesiamu, kiungo kinachotoa matundu hayo. Mimi nilikimbilia. Kwa miezi mitatu nilipandisha kipimo kidogo kidogo, na kila sampuli ilitoka na ukinzani uleule. Iliniuma nilipogundua kwamba jibu lilichapishwa miaka mingi kabla sijaingia maabara.

Tatizo ni haidrojeni. Amonia tunayoitumia kukuzia fuwele imejaa haidrojeni, na atomi zake hujishikiza kwenye magnesiamu. Magnesiamu iliyoshikwa hivyo haitoi tundu hata moja la kubeba mkondo. Mwaka 1989 Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walilifanya tabaka la namna hiyo lipitishe umeme kwa kulipiga miale ya elektroni. Mwaka 1992 Shuji Nakamura na wenzake wakaonyesha kwamba joto la zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, ndani ya naitrojeni, linatosha kuifukuza haidrojeni. Chunga sana gesi hiyo: ukipasha ndani ya amonia, haidrojeni inarudi palepale.

Nilizirudisha tanurini sampuli nilizokuwa nimeziweka kando. Iliyopitisha umeme vizuri zaidi haikuwa ile niliyoishindilia magnesiamu, bali ya katikati. Magnesiamu inahitaji nishati inayokaribia eV 0.2 (elektroni-volti, kipimo cha nishati ndogo sana) ili itoe tundu, na joto la kawaida la chumba lina eV 0.026 tu. Kwa hiyo katika kila atomi 100, ni kama moja tu inayofanya kazi: ukitia atomi 10¹⁹ kwa sentimita ya ujazo, utapata matundu yapatayo 10¹⁷. Ukizidisha mno, fuwele huota kasoro zinazotoa elektroni, na elektroni hizo huyafuta matundu uliyoyahangaikia. Upande wa n, unaobeba mkondo kwa elektroni, silikoni inayotiwa humo haina usumbufu huu.

Siku hizi kila sampuli naipasha kwanza, kisha naipima kwa njia ya Hall (hutumia sumaku kukadiria idadi ya matundu), ndipo naamua kama kipimo kipande au kishuke. Kwa viunganishi, yaani metali inayoingiza mkondo kwenye sampuli, natumia nikeli na dhahabu. Kabla ya kupima, chora grafu ya mkondo dhidi ya volti. Mstari ukipinda, tengeneza viunganishi upya, na namba ya Hall usiiandike daftarini.